Steringi Aanzie Kwenye Karatasi

Pale soko la Sido, Mwanjelwa, robota la mitumba likifunguliwa, fulana yenye ile herufi S ya Superman haikawii kupata mtu. Anayeinunua pengine hajawahi kushika kitabu cha Superman, wala hana habari kwamba kuna kitabu. Mashine Tatu kule Iringa mambo ni hayo hayo, na Makambako siku ya mnada vilevile. Popo wa Batman yuko kwenye kofia ya dereva wa bajaji. Spider-Man yuko kwenye begi la mtoto wa chekechea Tukuyu. Black Panther kachorwa kwa rangi ya mafuta kwenye ukuta wa kinyozi, jirani na picha ya mwigizaji Kanumba, jicho moja kubwa kuliko jingine. Wote hawa wametufikia huku Nyanda za Juu Kusini kwa njia ya filamu, iliyopakiwa kwenye flashi au iliyotazamwa kibanda umiza. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyezaliwa na kamera. Walizaliwa kwenye vijitabu vya karatasi duni vilivyouzwa kwa senti.

Mjadala wa jambo hili kwetu huwa na pande mbili, na zote zinanichosha. Upande mmoja unalalamika kwamba watoto wanaharibiwa na mashujaa wa kigeni, kana kwamba wazazi wao hawakuwa na wa kwao. Upande wa pili ni wa vijana wanaojua kuhariri video kwenye simu, wanaotaka kambi ya filamu, kamera kubwa na wafadhili, ili tutengeneze filamu ya Chifu Mkwawa wa Wahehe itakayoizidi Black Panther. Hawa nawapenda zaidi, ila wanataka kuanza na hatua ambayo wenzetu waliifikia baada ya nusu karne ya kuchora.

Filamu za Marekani zilipokwenda kwenye katuni, joho na misuli havikuwa mzigo mkubwa walioubeba. Walichukua wahusika waliokwisha kujaribiwa mbele ya wasomaji kwa miongo, kwa gharama ya wino tu, na wale walioshindwa wakazikwa bila mtu kufilisika. Hicho ndicho tunachokikosa Mbeya na Iringa.

Tazama walivyoanza. Superman alitoka kwenye toleo la kwanza la Action Comics, lenye tarehe ya Juni 1938, bei senti 10. Waliomtunga, Jerry Siegel mwandishi na Joe Shuster mchoraji, walikuwa vijana wa Cleveland waliokuwa wamezungushwa na wahariri kwa miaka wakiambiwa haiwezekani. Spider-Man naye alikuja kwa bahati ya ajabu zaidi. Kwa simulizi ya mwandishi wake, Stan Lee, mchapishaji wake hakumtaka kabisa: watu wanachukia buibui, nani atanunua? Basi Lee na mchoraji Steve Ditko wakampenyeza kwenye gazeti lililokuwa linafungwa, Amazing Fantasy namba 15, Agosti 1962. Gazeti linakufa, hakuna wa kulalamika. Toleo likauzwa vizuri mno, na mwaka uliofuata kijana yule akapewa gazeti lake mwenyewe. Miaka arobaini baada ya jaribio lile, filamu yake ya mwaka 2002 iliingiza zaidi ya dola milioni 800.

Pale Uyole watafiti wa kilimo hupanda mbegu za mahindi na viazi kwenye vipande vidogo vya ardhi kabla mkulima hajaambiwa aweke ekari zake tano. Kitabu cha katuni kimekuwa kipande hicho kwa sinema. Mbegu ikikataa, umepoteza tuta moja.

Wajapani wamelifanya jambo hili kwa ukali zaidi. Gazeti la kila wiki la Shonen Jump limezoea kuwauliza wasomaji wake ni hadithi zipi wamezipenda, na hadithi inayobaki mkiani muda mrefu huondolewa, hata mchoraji awe na machozi. One Piece ya Eiichiro Oda iliingia humo mwaka 1997 na bado inaendelea. Vijana wa Mbeya wanaokesha na Naruto kwenye simu wanaangalia kitu kilichopita kwenye chujio hilo kabla hakijapewa rangi wala sauti. Tena ukurasa wenyewe wa Kijapani karibu wote ni nyeusi na nyeupe, karatasi ya bei rahisi. Mtu anayesema hawezi kuanza kwa sababu hana rangi, hana hoja.

Kampuni ya Marvel, wachapishaji wa Spider-Man, ilifilisika mwaka 1996. Iliuza haki za filamu za wahusika wake wakubwa, Spider-Man kwa Sony na X-Men kwa Fox, na ilipoamua kutengeneza filamu zake yenyewe ilibaki na watu wa benchi. Mmoja wao alikuwa Iron Man, aliyechapishwa tangu 1963, ambaye mtaani hakuna aliyemjua. Filamu yake ikatoka 2008. Mwaka uliofuata Disney wakatangaza kuinunua Marvel kwa dola zipatazo bilioni nne. Ukijiuliza walinunua nini hasa, jibu ni kabati la karatasi: maelfu ya wahusika ambao wasomaji walikuwa wameshawapigia kura kwa fedha za mfukoni. Hata mchezaji wao wa benchi alikuwa na miaka arobaini na mitano ya mazoezi.

Sasa turudi kwetu, maana kuna watu wanadhani katuni ni ugeni uliokuja na king'amuzi.

Mwishoni mwa miaka ya sitini na mwanzoni mwa sabini, kampuni ya Drum ya Afrika Kusini ilikuwa inasambaza Afrika Mashariki na Magharibi gazeti la hadithi za picha, picha za kupigwa na kamera, zilizopangwa kwenye visanduku na kuwekewa maneno kama katuni. Steringi wake aliitwa Lance Spearman: mpelelezi mweusi, kofia ya Panama, tai ya kipepeo, sigara kubwa mdomoni, gari la michezo. Gazeti lenyewe liliitwa Film. Faraji Katalambulla, yule wa riwaya ya Simu ya Kifo, naye akatoa la kwetu, Film Tanzania. Fikiria maana yake kwa mji ambao jumba la sinema lilikuwa mbali: sinema ilikuja kwa basi, ikasomwa na mmoja, ikapita kwa kumi, ikaishia kufungia karanga. Wazee wanaowasema vijana kwa sababu ya Wakanda, nchi ya Black Panther, wawaulize wenzao nani aliwafundisha kuvaa kofia kwa kuiinamisha upande.

Kisha likaja gazeti la katuni la Sani. Waasisi wake ni Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na miongoni mwa wachoraji waliolipa sura alikuwamo Philip Ndunguru, jina ambalo mtu wa Mbinga hawezi kulipita bila kusimama, aliyefariki kijana katika miaka ya themanini. Humo waliishi Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe, Pimbi na Madenge. Nasema waliishi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kila mmoja alikuwa na nguo zake, tabia yake na ujinga wake, na msomaji alijua toleo lijalo atamkuta na ujinga ule ule katika balaa jipya. Vichekesho vya Madenge bado vinazunguka kwenye WhatsApp mwaka huu, vikitumwa na watu waliozaliwa baada ya enzi ya Sani kupita. Hiyo ndiyo alama ya mhusika aliyefuzu: anaendelea kuishi hata pale karatasi iliyombeba ilipokwisha. Kingo wa James Gayo alifika hapo. Yule panya mdogo wa Masoud Kipanya, anayetoa neno lake pembeni ya katuni, amefika. Gado naye, ambaye jina lake kamili ni Godfrey Mwampembwa na kwa jina hilo Mnyakyusa yeyote atamwuliza kwao ni wapi, alikwenda Nairobi mwaka 1992 kuchorea Daily Nation, na 1996 akatoa kitabu kizima cha katuni cha Abunuwasi. Mjanja wa hadithi za bibi, katika visanduku, kwa Kiswahili.

Kuna mfano mmoja ninaoupenda kuliko yote hayo. Filamu ya Titanic ilipotoka 1997 na kutikisa dunia, mchoraji wa Kitanzania Joshua Amandus Mtani aliigeuza kuwa kitabu cha katuni, Mkasa wa Mapenzi Ndani ya Titanic. Kwingine katuni inazaa filamu. Hapa filamu ilizaa katuni, na Jack na Rose wakaanza kuongea Kiswahili cha Dar es Salaam kwenye viputo vya maneno. Wako watakaosema huo ni wizi wa hakimiliki, na kisheria wana la kusema. Mimi naona pia kitu kingine: msomaji aliyekuwa hana uwezo wa kuiona filamu, au aliyeiona asiambulie Kiingereza chake, alitaka kuikalia hadithi, airudie, aisome kwa mwendo wake.

Watafsiri wa video walifanya kazi ya ndugu na hiyo. Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, aliweka sauti yake juu ya filamu za kigeni, akieleza, akitania, akimsemea steringi maneno ambayo steringi hakuyasema. Ukimsikiliza vizuri utaona anafanya kazi ya yale maelezo yanayokaa juu ya kisanduku cha katuni: "Wakati huohuo, upande wa pili wa mji..." Picha ni za mwingine, maneno ni yetu. Kibanda umiza kilikuwa kitabu cha katuni chenye umeme.

Kwa hiyo mbegu tulikuwa nayo, na shamba la majaribio pia. Kilichotokea ni kwamba kamera za video ziliposhuka bei, kila mwenye hadithi akarukia kamera. Bongo muvi ikawa inapigwa kwa siku chache, inatoka, inauzwa, inasahaulika, na mhusika anazikwa pamoja na kasha la CD. Tuliwapenda waigizaji na kuwazika tukiwa maelfu, kama tulivyomzika Kanumba Aprili 2012. Lakini mtaje mhusika mmoja tu wa filamu zile ambaye mtoto wa leo anaweza kumchora kwa mkaa ukutani akajulikana. Unamjua mwigizaji, humjui aliyemwigiza. Waliokwepa mtego huu ni wachekeshaji. Kundi la Ze Comedy lilikuwa na watu wa katuni watupu: vazi lisilobadilika, mwendo usiobadilika, neno lake mwenyewe linalosubiriwa. Joti akivaa gauni na kilemba, ukizima sauti bado unajua ni nani na atafanya kosa gani. Hiyo ni elimu ya Sani, hata kama hakuna aliyeitaja kwa jina hilo.

Sasa tuje kwa Mkwawa, kwa sababu huku kwetu mazungumzo ya filamu hayawezi kwisha bila yeye.

Vijana wanaposema wanataka Black Panther ya Wahehe, najua wanachokihisi. Filamu ile ya 2018 iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 na kuchukua Oscar tatu, na kwa mara ya kwanza fulana ya steringi mweusi iligombewa sokoni sawa na ile ya Superman. Wakanda ilishonwa kwa viraka vya Afrika yote: blanketi za Basotho, kofia za wanawake wa Kizulu, udongo mwekundu wa Wahimba, lugha ya Kixhosa. Mtu wa Makete aliyeziona zile blanketi alijua moja kwa moja kwamba hawa nao wanatoka kwenye baridi. Lakini T'Challa, yaani Black Panther mwenyewe, alichapishwa mara ya kwanza Julai 1966, ndani ya gazeti la wengine, Fantastic Four namba 52, akiwa mgeni tu. Waandishi na wachoraji walimgeuza na kumgeuza kwa miaka hamsini na miwili kabla filamu ya Ryan Coogler haijatoka. Wengine walimharibu, wengine wakamponya. Makosa yao yote tuliepushwa nayo kwa sababu yalibaki kwenye karatasi.

Mkwawa akipelekwa moja kwa moja kwenye kamera, makosa yake yatakuwa kwenye sinema, na yatagharimu. Kosa la kwanza ninaliona kutoka mbali. Kibanda umiza kina sheria moja ambayo hata mtoto anaijua: steringi hafi. Katuni za Marekani ndizo zilizoikomaza sheria hiyo hadi ikawa kichekesho. Superman aliuawa kwenye toleo la mwaka 1992, magazeti yakauzwa kwa mamilioni, na mwaka uliofuata akarudi. Filamu zao zimerithi ugonjwa huohuo: anayekufa leo atarudi, maana mkataba wake haujaisha. Ndiyo maana siku hizi watu hawalii tena.

Mkwawa alikufa. Anaanza vizuri kwa kipimo cha sinema: tarehe 17 Agosti 1891 pale Lugalo jeshi la Wahehe lilikivizia kikosi cha Emil von Zelewski na kukifyeka, na Zelewski mwenyewe akauawa. Filamu ya haraka itaishia hapo, ngoma zipigwe, majina ya waigizaji yapande. Lakini Oktoba 1894 Wajerumani waliipiga ngome ya Kalenga kwa mizinga na kuiteka. Ikafuata miaka karibu minne ya kuwindwa porini, watu wake wakifa njaa na wengine wakichoka, hadi 19 Julai 1898 alipojipiga risasi asishikwe mzima. Wakakikata kichwa chake. Fuvu likatajwa kwenye kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa 1919, likiorodheshwa pamoja na masharti ya kumaliza Vita Kuu, na halikurudi Kalenga hadi 1954, mikononi mwa Gavana Edward Twining.

Hadithi hiyo haitoshi kwenye umbo la joho. Inatosha vizuri mno kwenye katuni, kwa sababu katuni ina kitu ambacho sinema haina: lile pengo jeupe kati ya kisanduku na kisanduku. Kisanduku hiki mtu kaiinua bunduki; kinachofuata ndege wanaruka juu ya mti. Aliyefyatua ni msomaji, kichwani mwake. Kifo cha Mkwawa kikipigwa picha ya kusogea, lazima uchague utaonyesha nini, damu kiasi gani, uso gani. Kikichorwa, unaweza kukiacha kwenye pengo, na kila mtu akakibeba kwa uzito wake. Mhehe wa Kalenga hatakijaza kama mwanafunzi wa Mbozi atakavyokijaza.

Na ile safari ya fuvu ni hadithi ya kipelelezi ambayo Lance Spearman angeifia. Gavana anakwenda Bremen, kwenye jumba la makumbusho, anakuta mafuvu mengi. Lipi ni la chifu? Wanapima, wanalinganisha vipimo na vya ndugu zake walio hai, wanachambua hadi wanafika kwenye moja lenye tundu la risasi. Mpaka leo wako wanaouliza kama lilikuwa lenyewe. Kurasa ishirini na nne, nyeusi na nyeupe, bila hata farasi mmoja wa kukodi. Ukitaka kuipiga filamu sehemu hiyo utahitaji Ujerumani ya miaka ya hamsini, magari, sare na ndege. Mchoraji anahitaji penseli na picha kadhaa za kuangalizia.

Kosa la pili ni la kisiasa kidogo, na hapa ndipo karatasi ingetusaidia kuliko popote. Mkwawa akichorwa Iringa ni shujaa bila doa. Nenda Usangu ukaulize. Merere, mtawala wa Wasangu, alisukumwa na Wahehe kutoka nchi yake hadi kwenye milima ya Wasafwa, karibu na Mbeya ya leo, na Wajerumani walipokuja aliwaona wamekuja kwa wakati wake. Ukoo wake ulikuwa upande wao dhidi ya Mkwawa, na baada ya Kalenga kuanguka Wasangu walirudi kwao. Je, Merere ni msaliti? Kwenye filamu moja ya saa mbili atakuwa msaliti tu, mwenye kovu usoni na kicheko kibaya, kwa sababu muda hautoshi kumfanya mtu. Wangoni nao walipigana na Wahehe mwishoni mwa miaka ya 1870 na kuendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1880, na hakuna aliyemmaliza mwenzake.

Marvel ya miaka ya sitini ilikuwa na jibu la tatizo hili, na nadhani ndiyo zawadi kubwa kuliko zote iliyoipa sinema. Wahusika wengi walipewa magazeti yao, lakini karibu wote waliishi New York moja. Spider-Man angeweza kumpita jirani wa gazeti jingine barabarani. Ukisoma gazeti la huyu, yule ni mpuuzi. Ukisoma la yule, unaona ana sababu zake. Filamu zilipoiga mpango huo kuanzia 2008 zilikusanya dunia nzima, hadi Avengers: Endgame ya 2019 ilipoingiza karibu dola bilioni 2.8. Sisi tunao ulimwengu wa namna hiyo tayari, hauhitaji kutungwa. Kitabu kimoja cha Mkwawa. Kimoja cha Merere, kinachoanza na utoto wake na kulia kwa nchi iliyotekwa. Kimoja cha Songea Mbano, jemadari wa Kingoni aliyenyongwa 1906 wakati wa Majimaji, na ambaye mji umebeba jina lake. Vita vile vile, visanduku vinavyofanana, maelezo tofauti. Msomaji wa Rujewa kule Usangu na msomaji wa Kalenga wakianza kubishana nani alikuwa na haki, hapo utajua wahusika wameiva, na mwenye kamera anaweza kuja.

Nimesikia pingamizi kwamba watu hawanunui karatasi tena. Sawa, wasinunue. Wakorea wanachora katuni za kushushwa kwa kidole kwenye simu, kisanduku kimoja chini ya kingine, na tamthilia zao kadhaa zinazotazamwa hadi Kyela zilianzia humo. Picha nne kila Ijumaa kwenye kundi la WhatsApp hazihitaji kiwanda. Kinachohitajika ni mchoraji asiyekosa Ijumaa, na hilo, kwa wachoraji ninaowajua, ni gumu kuliko mtaji.

Wa kuogopwa zaidi ya simu ni mfadhili. Kwa muda mrefu kazi ya uhakika kwa mchoraji wa huku imekuwa katuni ya mradi: chandarua, maji safi, mikopo ya vikundi, virusi. Inalipa, na siwalaumu wanaoichukua, maana ada za shule hazilipwi kwa Ndumilakuwili. Ila mhusika wa mradi hakosei. Anakosea kwenye kisanduku cha pili, kisha mhudumu wa afya anaingia, na kwenye kisanduku cha nane ananawa mikono. Hana ujinga wake mwenyewe, kwa hiyo hana kesho. Shujaaz ya Kenya, iliyoanza 2010 ikigawiwa bure ndani ya Daily Nation, ilikuwa na wafadhili pia, lakini ilimpa kijana Boyie redio ya kificho chumbani kwake na Sheng ya kweli mdomoni, na ujumbe ukabidi umfuate yeye. Mfadhili anayekubali mpango huo apokelewe.

Linabaki suala la mali, ambalo wachoraji wetu hulifikiria mwisho. Siegel na Shuster walimuuza Superman, na haki zake zote, kwa dola 130. Walizeeka wakihangaika, na ni mwaka 1975, filamu kubwa ikiwa inaandaliwa, ndipo kampuni ya Warner, iliyokuwa ikimmiliki Superman, ilipokubali kuwalipa dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja na kuyarudisha majina yao. Bill Finger, aliyemjenga Batman pamoja na Bob Kane, alifariki 1974 na hakutambuliwa rasmi kwenye filamu na tamthilia hadi 2015. Warithi wa Jack Kirby, mkono uliomchora T'Challa wa kwanza, walipatana na Marvel mwaka 2014, yeye akiwa amekufa miaka ishirini. Kwetu mchoraji hulipwa kwa ukurasa, anakabidhi picha, na mhusika anaondoka nazo bila mtu kulitaja hilo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ipo, na COSOTA ipo kwa ajili ya kusajili kazi. Kijana wa Mwanjelwa anayepeleka Merere wake kwa mchapishaji auze ruhusa ya kuchapa kitabu hicho, kwa miaka iliyotajwa, na filamu, fulana na mabegi ya chekechea yaandikwe kwenye karatasi nyingine, siku nyingine, kwa bei nyingine.